Mioyo Arobaini ya Uzi Mwekundu

Jumatatu, 3 Machi

Kwa hiyo nasema tena, hata kukoroma kwa bwana harusi wangu kuna utaratibu. Lakini hayo yatosha, leo nina habari nyingine. Mume wangu (neno hili bado naliandika polepole ili nilifaidi) ameniombea nafasi katika kikundi cha mama yake. Wanawake saba, cherehani tatu, sebule ya mama mkwe. Wanajitolea kushona pedi za kufua, za kupelekwa ng'ambo kwa wanawake ambao siku zao zikifika hujifungia ndani na matambara, kazi wakaikosa. Sanduku linaondoka Alhamisi ya wiki ijayo. Wanawake ishirini, pedi nne kila mmoja. Wifi yangu, dada wa mume, keshashona arobaini. Zilizobaki nimepewa mimi. Mama mkwe amesema nikishindwa, kumi watatoka mikono mitupu. Nikasema nikishindwa aniite jina lolote. Wifi akasema jina analo tayari.

Alhamisi, 6 Machi

Pedi za wifi zimenyooka kama rula. Hazina mapenzi hata chembe. Mpango wangu: nimzidi. Kila pedi yangu ina moyo mdogo wa uzi mwekundu katikati, ili dada wa ng'ambo ajue kuna mtu anampenda. Sindano nimeipitisha mpaka upande wa pili, hata mgongo wa pedi upendeze. Mume wangu akauliza kama mama ameagiza mioyo. Nikamwambia mama atashangaa. Akabusu vidole vyangu vilivyochomwa na sindano. Akabusu vyote kumi, ingawa vilivyochomwa ni vitatu. Nani kama mimi?

Jumamosi, 8 Machi

Mama ameshangaa.

Kumbe kuna ukaguzi. Pedi inalazwa juu ya karatasi kavu, wifi anamimina maji kidogo, watu wanasubiri. Ya wifi: karatasi kavu. Yangu: karatasi chepechepe, na alama yenyewe ina umbo la moyo. Mama mkwe akanieleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Safu ya chini ni kitambaa kisichopitisha maji. Hushonwa pembeni tu. Katikati sindano haigusi, maana kila tundu ni mlango. Mimi nimefungua milango mia tatu na ushee. Wifi akasema: wifi yangu kipenzi, wenzio wanataka pedi, wewe umewashonea chujio. Walicheka hadi mmoja akashikilia cherehani asianguke. Mama mkwe hakucheka. Aliuliza wale kumi tuwaambie nini. Nikajibu nitazirekebisha zote. Vipi, sikujua.

Jumapili, 9 Machi

Nta! Nta haipitishi maji. Nikasugua mshumaa kwenye matundu, nikapiga pasi ili iyeyuke. Pedi tatu za kwanza zikakakamaa kama kadi za harusi yetu. Ya nne, kitambaa cha chini kikayeyuka, kikang'ang'ania pasi. Nikaipangusa pasi kwa kitu cha karibu. Kitu cha karibu kilikuwa shati jeupe la kazi la mume wangu.

Akanikuta hapo hapo. Hakunigombeza. Alisema shati ni shati tu, ila wale wanawake hawawezi kukalia kadi ya harusi. Nililia. Nikamwambia shida yenyewe: kile kitambaa kimekwisha, na dukani kitaletwa mwezi ujao. Akaenda chumbani, akatandua kitanda, akarudi na kifuniko cha godoro. Kikubwa, kizima, hakipitishi tone. Shangazi yake alitupatia siku ya harusi kwa ajili ya watoto watakaokojoa. Mume wangu alisema watoto bado hawajafika, lakini wale dada wapo tayari.

Mkasi nilishika mimi. Nilikibusu kifuniko, nikakata.

Jumatano, 12 Machi

Fumua, kata, shona; zile nne nilizoharibu nimezianza upya. Siku tatu sebuleni kwa mama mkwe, mgongo umepinda kama mundu. Wifi alikuja bila kuitwa, akakaa kwenye cherehani ya pili, akatangaza kwamba hanisaidii mimi, anawasaidia wale kumi. Nilipogusa uzi mwekundu, kwa macho tu, aliukalia. Sikio la kufa halisikii dawa, akasema, na hakuinuka mpaka jioni.

Mama mkwe alimimina maji mwenyewe. Karatasi ikabaki kavu mara arobaini. Ya mwisho ilipopita aliniita mwanangu. Hakusema mke wa mwanangu. Alisema mwanangu. Wifi akajitia kutafuta sindano chini ya meza, na alipoinuka macho yalikuwa mekundu.

Ijumaa, 14 Machi

Sanduku liliondoka jana na pedi themanini. Nimepandishwa cheo: mkata vitambaa. Mkasi ruksa, sindano marufuku. Nimejifunza mengi na sitarudia.

Asubuhi mama mkwe alipita kutujulia hali, katika mvua. Mvua ikakatika, akaondoka, akasahau koti lake la mvua mlangoni. Nimelitazama sana. La kijivu, halina hata ua. Mwanamke mwenye roho kama ile, kuvaa kijivu? Mgongoni panatosha waridi moja kubwa la uzi mnene, sindano ipite vizuri mpaka ndani ili lisifumuke. Mume wangu nisimwambie, nimshangaze pamoja na mama yake. Wanasema mvua kubwa zaidi ziko njiani. Basi kabla mwezi huu haujaisha nitakwenda kumtembelea, nimvishe kwa mikono yangu mwenyewe.