Nirudishiwe Firigisi Yangu

Kamina, Jumamosi, baada ya kile ambacho siku hizi nyumbani kwangu kinaitwa chakula cha mchana

Kwa Mama Sylvie, Muuguzi Titulaire, yaani mkuu, wa kituo cha afya cha mtaa wetu

Mama Titulaire,

Pokea kwanza salamu zangu za heshima, mimi jirani yako Kyabu Timothée, seremala, Mkristo mbatizwa, mume wa Émerence na baba wa watoto watano. Wahenga walisema adui mwombee njaa. Mimi na wewe hatujawahi kugombana. Hata kitanda chako nilikitengeneza kwa mikono yangu, na sijasikia kwamba kinalia. Kwa hiyo nashindwa kuelewa ni kosa gani nililokutendea hata ukaileta njaa mpaka mezani kwangu.

Ilivyoanza unajua. Émerence alikuja kwako Jumatatu ya kilo, siku ambayo akina mama wanawaleta watoto kupimwa, na kitindamimba wetu Mwila akaonekana mwepesi kuliko umri wake. Mstari kwenye kadi yake ulikuwa umeshuka mpaka kwenye rangi mbaya. Na mimi nina shamba la mahindi, na kuku wanatembea uani. Siku ile niliogopa, Mama Titulaire, na aibu pia niliiona, sitakuficha. Lakini nilitegemea utatoa dawa. Wewe ukatoa somo. Dawa huisha, somo haliishi. Tangu hapo sina amani, na malalamiko yangu nayapanga kwa nambari ili usije ukasema hukuelewa.

1. Firigisi. Kwetu, kuku akichinjwa, firigisi ni ya baba. Babu yangu aliila, baba yangu aliila, na mimi utotoni niliila kwa macho tu, nikijua kwamba nikioa zamu yangu itafika. Nikaoa. Zamu ikafika. Sasa umemfundisha Émerence kwamba firigisi na maini vinaongeza damu, na kwamba anayehitaji damu ni Mwila. Nilipouliza, kwa upole kabisa, alinijibu: « Weye damu uko nayo ya kutosha, njo maana unakasirikaka mbio. » Basi naomba kituo kinieleze: mtu aliyeingoja firigisi utoto wake wote, akanyang'anywa na mtoto ambaye hajaota meno yote, aende kushtaki wapi?

2. Bukari. Zamani bukari, ugali wetu wa mahindi, ilijaa sahani yangu hadi ukingoni, na sombe ya majani ya muhogo ilikaa pembeni kwa kazi yake inayojulikana, yaani kulowesha tonge. Leo lenga-lenga, mchicha wetu, imeketi katikati kama mkwe. Kando yake kuna maharagi, kisha kipande cha samaki wa moshi wa Kinkondja, na bukari yenyewe imesogezwa pembeni. Siyo kwamba imekatazwa, hilo nakubali. Émerence anasema ulifundisha kwamba hakuna chakula kibaya, kuna chakula kilicho peke yake. Mafuta ya mawese nayo anayamimina kwa kijiko, na zamani aliyamimina kwa imani.

Matokeo ni haya. Kwanza, tumbo langu limepungua, na watu wanamwamini seremala mwenye tumbo, kwa sababu inaonekana kazi zake zinauzika. Pili, nikila mchana silali tena. Zamani baada ya bukari nilijilaza juu ya mbao zangu mpaka jua lipoe. Sasa saa nane nimesimama na randa mkononi, nikiwa mzima kabisa, na kazi za watu zinaisha siku niliyowaahidi. Wateja hawaji tena kunigombeza. Karakana imekuwa kimya. Haya yote yametoka kwenye somo lako.

3. Mayai. Wazee wetu walisema mtoto akizoea yai atakuwa mwizi, kwa sababu ataanza kulitafuta hata kiotani. Kwa hekima hiyo mayai yaliliwa na watu wazima, ambao hawana hatari ya kuharibika zaidi. Wewe ukasema yai ni la mtoto. Sawa. Watoto wangu wanakula mayai tangu mvua zilipoanza, na mpaka leo hakuna aliyeiba kitu. Unaona hasara yake? Nikisema tena neno la wazee, wananiangalia. Leo ni yai. Kesho wataniuliza kwa nini baba haendi kuchota maji. Keshokutwa watauliza juu ya mambo ya serikali, na hapo sijui mimi na wewe tutajificha wapi.

4. Ukaguzi. Émerence aliporudi aliwafundisha watoto maneno yako matatu: chakula cha kujenga, chakula cha kulinda, chakula cha kutia nguvu. Binti yangu Nyembo, ambaye shuleni wanasema hasikilizi, hilo alilisikiliza. Kabla sijanawa mikono anazunguka sahani yangu: « Papa, ya kulinda iko wapi? » Nikimwambia baba yake amelindwa na malaika wake, anaenda kuleta lenga-lenga.

Haya ningeyavumilia, maana ni ya ndani ya nyumba. Lakini kaka yangu mkubwa, yaya Ngoie, alitoka Kaniama kwa pikipiki, barabara nzima ile ya vumbi, akiwa na njaa inayolingana na safari. Mgeni wa namna hiyo anawekewa bukari na nyama, na watu wanakaa mbali wamwache ale. Nyembo akasimama mbele yake, mikono nyuma kama mtu wa sheria, akasema: « Papa mukubwa, ku sahani yako kuko tu ya nguvu na ya kujenga. Utagonjwa. » Nilitamani sakafu inimeze. Yaya Ngoie akaangalia sahani, kisha akaomba mboga. Yeye, mfuga ng'ombe, akaomba mboga. Aliondoka na mbegu za lenga-lenga ndani ya soksi, na sasa mke wake ameandika kutuomba mbegu nyingine. Kwa hiyo nakujulisha kwamba ugonjwa huu umekwisha fika Kaniama.

5. Meza. Hapa naomba usome ukiwa umekaa. Mimi, kama baba zangu, nilikuwa nakula peke yangu sebuleni, kwenye kiti changu, mgongo kwenye mlango. Mama na watoto walikula jikoni, kwenye beseni moja, mwenye mkono mwepesi akipata zaidi. Ilikuwa desturi nzuri, isiyo na kelele. Wewe ukafundisha kwamba mtoto mdogo awe na sahani yake, na kwamba familia ile pamoja ili kila mtu aonekane anachokula.

Émerence hakubishana nami. Alikuja karakana akasema: « Iko muntu moya anataka meza ya bantu saba, na mabenchi yake. » Nikafurahi. Nilichagua mbao zilizokauka vizuri. Kona niliziviringisha ili watoto wa mteja wasiumie. Benchi moja niliifanya fupi zaidi, kwa sababu nilijiambia katika watu saba hakosekani mdogo. Sijawahi kutengeneza meza nzuri kama ile. Nilipomaliza nikauliza niipeleke kwa nani. Akasema: « Ule muntu njo miye. Ingiza mu nyumba. »

Mama Titulaire, nimetengeneza kwa mikono yangu kifaa cha kuniondoa kwenye kiti changu. Sasa nakula nikitazamwa na macho ya watoto watano. Jaribu mwenyewe kuchukua kipande kikubwa cha samaki mbele ya pea tano za macho. Kinarudi chenyewe kwenye bakuli. Na nimejua mambo ambayo sikuwa na haja ya kuyajua: kwamba mtoto wa pili anaogopa mwalimu wa hesabu, kwamba Émerence anachekesha, kwamba Mwila akishiba anaimba. Miaka yote hii waliimba jikoni bila mimi, na mimi nilikuwa nakula firigisi.

6. Jirani. Mafundi wenzangu sasa wanakuja karakana na karanga za kuchemsha na ndizi, na yule mama aliyekuwa akituuzia maandazi hapiti tena upande wetu mara nyingi. Wawili wameniagiza meza ya familia. Nimewakubalia, lakini kwa huzuni.

Kwa sababu hizo zote, naomba kwa unyenyekevu mambo haya. Kwanza, kituo kinipe cheti chenye muhuri kinachosema firigisi ni lazima kwa afya ya maseremala. Ikishindikana, basi Jumatatu moja unipime mimi pia kilo kwa mzani uleule. Nikionekana nimepungua, na nimepungua, niandikwe kwenye programu ya watoto wenye utapiamlo, ili firigisi niipate kwa njia ya haki. Na ikishindikana hiyo pia, somo lifungwe, akina mama warudi nyumbani, na kila baba arudishwe kwenye kiti chake, mgongo kwenye mlango, kama alivyokutwa.

Ninangojea jibu lako kwa subira ya mtu anayekula maharagi. Msalimie mume wako, Adjudant Tshibangu, kule Base, na umwambie awachunge wanajeshi wake wasije wakaoa wanawake wanaohudhuria masomo. Wasalimie akina mama wote wa Jumatatu, pamoja na watoto wao, hata wale wanaolia wakiona mzani. Émerence anakusalimia sana. Hajui ninaandika nini. Anadhani ni hesabu ya mbao.

Ni mimi, jirani yako mwenye heshima na mkanda uliotobolewa upya,

Kyabu Timothée

Nyongeza. Jumatatu hii usimngojee Émerence. Anasema Mwila amemshinda. Akimfunga mgongoni mpaka kituoni, anafika kiuno kinamuuma. Mimi nilidhani ni uvivu wa kutembea. Nikamwinua mwenyewe leo, nikasikia uzito wa mbao mbichi, nikarudi kumwinua tena ili nihakikishe, naye akacheka. Kwa hiyo nitamleta mimi, kwa baiskeli. Nakuomba barua hii usiisome mbele ya akina mama. Na kwenye benchi uniwekee nafasi ya mbele kabisa, karibu na mzani, nataka nione kwa macho yangu ule mshale ukipanda.