Mipira Yenye Misumari

Siku ya kazi moja, 10 Januari 1994

Nimepata mipira ya gari yetu, yote mine. Muzungu mumoja alirudi kwao, akamwachia mulinzi wake Firmin vitu vyote. Firmin alitaka cherehani yangu. Nikamupa. Mipira hii iko na misumari midogo ya chuma kila pahali. Firmin anasema ni ya theluji, kule Ulaya inashika njia kama makucha ya paka. Theluji naijua, iko katika Isaya. Kama inashika theluji, matope itashindwa je?

Bwana yangu Hilaire aliangalia mipira, kiisha akaangalia pahali cherehani ilikuwa. Akauliza theluji itaanguka huku kwetu Likasi mwezi gani. Siku ya posho, tarehe 15, Maman Gertrude mwenye kuuza mahindi atachagua gari moja ya kumubebea mahindi toka Mulungwishi, masika yote. Kazini hawajamulipa Hilaire tangu Pasaka. Tukipata kazi ile, mutoto wetu Jenny atakunywa maziwa. Taabu ni jirani yetu Mukendi na Toyota yake.

Siku ya kazi mbili, 11 Januari

Tumejaribu kwenye lami kavu. Kelele kama mahindi inapasuka ndani ya sufuria. Mukendi akauliza toka barazani kwake kama tumenunua mipira ao tumepigilia farasi viatu. Jenny alilala njia yote. Alama nzuri.

Siku ya kazi ine, 13 Januari

Mvua. Kwenye matope, vizuri sana: tulipanda kilima bila kusukumwa. Kwenye lami yenye maji, hapana. Hilaire alikanyaga freni mbele ya soko, gari ikaendelea na safari yake. Ilisimama juu ya meza ya samaki. Hakuna muntu aliyeumia. Mwenye meza akaniuliza: weye mama Jenny, uko na bwana ao uko na mukosi? Nilimusaidia kuokota.

Nimeamua. Siku ya posho Hilaire atapita matopeni tu. Lami tumwachie Mukendi.

Siku ya kazi tano, 14 Januari

Nilipeleka gari kwa Elie, fundi wa mipira, aongeze upepo. Upepo tu. Nikaenda pembeni kumunyonyesha Jenny. Niliporudi, Elie alikuwa amelowa jasho, koleo mukononi, anacheka. Akasema: maman, Mungu iko na weye, misumari mingi vile na upepo haukutoka hata kidogo. Ameing'oa yote. Aliomba kopo la maziwa la Jenny, lile tupu, akalijaza misumari. Malipo hataki. Siku ya yenga atatoa ushuhuda kanisani.

Nilikaa chini. Hilaire alicheka mpaka kikohozi kikamushika. Cherehani yangu iko kwa Firmin.

Siku ya posho, 15 Januari

Tulienda na matundu matupu ya misumari. Mukendi alitupita, akapunga mukono kama gavana. Kwenye lami yenye maji, freni ilishika. Matopeni, mipira ile, hata bila misumari, iko na meno yake marefu, ikatafuna udongo pole pole. Karibu na Mulungwishi tulikuta Toyota imelala ndani ya mufereji, Mukendi amesimama kando, viatu mukononi. Hilaire akamuvuta na kamba. Minye ningemwacha akauke kidogo.

Maman Gertrude aliona tukifika, Mukendi nyuma yetu kwenye kamba. Akasema gari inayovuta ingine njo anayoitaka. Akanipa kopo la maziwa ya kuanzia. Hilaire anasema tumushukuru Elie. Mipira nani aliitafuta?

Siku ya yenga, 16 Januari

Jenny amekunywa maziwa, analala na povu mudomoni. Elie ameshuhudia, kanisa lote likapiga makofi, Mukendi pia.

Misumari bado iko. Kitu cha Ulaya hakitupwi. Nimewaza: wamama wa soko wanaanguka matopeni kila siku. Misumari hii chini ya viatu vyao, nani ataanguka tena? Watanilipa, cherehani itarudi. Lakini lazima kujaribu kwanza.

Hilaire amelala kidogo kiisha chakula. Kesho anapeleka gari Mulungwishi. Viatu vyake viko chini ya kitanda. Nimeanza kupigilia cha kuume, kile cha freni.