Saa Ishirini na Mbili za Ulfat

Jumatatu, 20 Julai

Nafasi ya binti yangu Ulfat imeingia hatarini leo, saa tatu na robo asubuhi. Hakufeli. Ni mimi nimeponzwa na mgomba!

Skuli yao ina mpango. Kila Jumamosi wanafunzi wa kidato cha tano wanasoma chuoni Tunguu, na somo moja linahesabiwa skuli na chuoni pia. Akimaliza kidato cha sita, mwaka mzima wa chuo keshaumaliza. Mwaka mzima! Mimi niliyeishia darasa la saba nikajifunza friji kwa kupigwa shoti, najua mwaka ni nini.

Sharti: saa sitini za mazoezi ya kazi, na saini ya fundi. Fundi ni mimi. Ulfat kafanya thelathini na nane. Nimeandika sitini. Nyongeza haifiki hata asilimia thelathini na saba ya hizo sitini!

Mratibu, Mwalimu Mcha, akauliza kama Jumatano iliyopita, siku ya Mwaka Kogwa, watu wanapopigana kwa migomba, tulikuwa karakana kweli. Nikasema naam, saa nane, hatukunyanyua kichwa. Akasema basi yule aliyempiga yeye kigogo cha mgomba uwanjani Makunduchi ni pacha wangu. Ningemjuaje? Siku ile kavaa makoti mawili na gauni la mkewe!

Kanipa mpaka Ijumaa: saa ishirini na mbili za kweli, na mzazi asitie saini. La sivyo nafasi anapewa Nusrat, mpwa wa jirani yangu Bi Zeyana, mshonaji.

Jumanne, 21 Julai

Mke wangu kasema tukamwombe Bi Zeyana huyo huyo, cherehani zake za umeme kila siku zinakufa. Nimwombe mshindani? Anishonee na sanda kabisa!

Nimezunguka Jang'ombe kutafuta fundi. Wa kwanza kasafiri. Wa pili kauliza kama na yeye atapata cheti. Nimerudi, Ulfat hayupo. Yuko kwa Bi Zeyana tangu asubuhi, kafungua mota ya cherehani. Bi Zeyana keshamwandikia saa tano na nusu.

Alhamisi, 23 Julai

Bi Zeyana kanipigia kelele kutoka barazani kwake: eti baba Ulfat, mwanao ana mikono ya dhahabu, sijui kairithi kwa nani. Mtaa mzima kicheko.

Nimekwenda kukagua daftari lake la saa. Anatoa muda wa chai! Anatoa na wa sala! Kwa hesabu hiyo ishirini na mbili itatimia kesho, bila dakika ya ziada. Hesabu isiyo na akiba ni kamari. Alipoingia ndani kunitilia kahawa, mbili ya mwisho ya 22, kwenye fomu aliyoiandaa ya kesho, nimeigeuza nane.

Ijumaa, 24 Julai

Bi Zeyana kaiona. Kaichana fomu mbele yangu, kajaza mpya, kampelekea Mwalimu Mcha mwenyewe. Nikamkumbusha kuwa anayekosa ni Nusrat wake. Kasema anajua, Nusrat analia tangu asubuhi, lakini saa ni za aliyezifanyia kazi.

Ulfat kapata nafasi yake. Kalia, mamake kalia. Mimi nilikuwa na shughuli na kompresa.

Jumapili, 26 Julai

Muhula ujao zinatakiwa saa arubaini. Safari hii nimetumia akili. Fomu nshaijaza: wiki ijayo, Jumatatu mpaka Ijumaa, nane nane. Siku zenyewe hazijafika, kwa hiyo hakuna aliyeniona popote! Saini ni ya shemeji yangu Abdulrazak, seremala. Hajui friji, lakini si mzazi.

Nimempelekea Mwalimu Mcha pamoja na barua yenye swali moja. Saa hizo anazikubali au hazikubali? Sitaki maelezo. Neno moja, kesho, kabla ya saa nne asubuhi.