Kuhusu Picha Namba 17 na Helmeti Nyeupe

Kambi ya wafanyakazi, Rusayl.

Kwa Bi Kheiria,
Msimamizi wa Maonyesho ya Sanaa ya Mtaa, Darsait.

Shikamoo Bi Kheiria,

Mimi ndiye kibarua aliyebeba mbao za kutundikia picha Ijumaa iliyopita. Niliishia darasa la saba, kwa hiyo mwandiko usamehe, lakini malalamiko yapokee yote.

Ilipofika saa sita na nusu, saa ambayo kiangazi haturuhusiwi kufanya kazi juani, uliniita mwenyewe: "Mwanangu, njoo ndani upoe, nna kiti hapa." Nikakaa. Nikalala. Mpwa wako Shahad akanichora, na kabla ya jioni nilikuwa ukutani. Nalalamika kama ifuatavyo.

1. Amenichora nimechoka. Mdomo wazi, viatu vimeganda saruji, helmeti ya njano, ile ya vibarua, magotini. Sikatai kwamba nilikuwa nimechoka, lakini hilo ni kati yangu na kampuni, halikuhitaji fremu.

2. Picha ilipewa nafasi ya pili. Ya kwanza ilikwenda kwa mbuzi. Mbuzi huyo nilimtazama dakika kumi nzima nikitafuta alichonizidi. Yuko macho, hilo namkubalia.

3. Maureen, dada wa kwetu anayefanya kazi ya nyumbani Sib, alikuja kutembea, akaniona ukutani, akanituma kwenye grupu la WhatsApp la kanisa letu na maneno haya: "Ian wetu ametundikwa Oman!" Baada ya watu kuacha kulia, alieleza kuwa ni picha.

Bi Kheiria, nyumbani mimi ni injinia. Miaka mitatu nimemtumia mama picha nimevaa helmeti nyeupe, ile ya wakubwa, na nyuma yangu kuna eesii ya kupoza ofisi. Kwa ajili ya helmeti hiyo mama yangu, Wilkister, alitolewa benchi la nyuma kanisani akapewa kiti cha mbele, kando ya mama wa daktari. Jumapili hii atakaa wapi?

4. Helmeti yenyewe si yangu. Ni ya Injinia Khattab. Hutuazima kila Ijumaa na hajawahi kuuliza ni ya nini. Kambini tuko wanaume kumi na wanne tuliopigwa picha nayo, na zamu zimebandikwa mlangoni. Sasa mke wa Brayo, ambaye huku anachanganya saruji na kwao ni meneja, ameiona hiyo ya grupuni na ameanza kulinganisha picha zetu. Ameuliza kwa nini helmeti ya mumewe ina mkwaruzo uleule wa helmeti ya Ian. Kwa brashi moja, mpwa wako amefuta kazi mainjinia kumi na watatu na meneja mmoja.

Kwa hiyo naomba helmeti ipakwe nyeupe, mdomo ufungwe, macho yafunguliwe, na mkononi niwekewe simu kama mtu anayetoa amri. Rangi ikibaki, wenzangu kumi na watatu wachorwe nyuma yangu. Tutakuja kwa zamu, tumezoea. Ikishindikana yote hayo, basi mbuzi naye avalishwe helmeti ya njano.

Nisalimie Shahad, na Mzee Mahfoudh aliyeniletea kahawa na tende nilipoamka, na wote waliopita mbele yangu bila kucheka. Mbuzi simsalimii.

Ni mimi, kwa heshima na mgongo unaouma,
Ian Otieno

N.B. Kabla sijafunga bahasha mama amepiga simu. Ameiona. Akasema: "Yule wa helmeti nyeupe nimekuwa nikimwombea kama mtoto wa watu. Huyu anayelala mdomo wazi kama marehemu baba yake, huyu ndiye wangu. Unakula lakini?" Kiti cha mbele amesema kilikuwa kinamuumiza kiuno.

Basi usiguse kitu, hata mdomo. Ikishushwa, naomba niipate mimi; mama anaitaka sebuleni. Na Brayo anauliza Shahad ana nafasi Ijumaa ipi. Atakuja na helmeti yake mwenyewe.