Darasa Zima Liseme Hapana

Jumatatu, 4 Machi
Mwalimu mkuu kaniambia Ijumaa atakaa nyuma ya darasa langu la stadi za maisha. Somo likimridhisha, nathibitishwa kazini. Lisipomridhisha, miezi mitatu mingine ya majaribio. Mada: kufanya uamuzi wako mwenyewe wenzako wanapokushinikiza. Nina mpango! Mwanafunzi mmoja atawashawishi wenzake watoroke shule. Nikigonga meza, wote arobaini watasema "Hapana!" kwa sauti moja. Atatokwa na machozi mama wa watu.

Jumanne, 5 Machi
Mazoezi. Wote wanapaza sauti isipokuwa Miwani, msichana wa dawati la mbele. Eti niliwafundisha kutafakari kwanza, na nikigonga meza hapati muda. Nikamwambia wenzake wote wamekubali, yeye ni nani? Miaka kumi na mitatu tu! Kichwa kinaniuma.

Jumatano, 6 Machi
Nimewatuma rafiki zake wambembeleze. Wakamzunguka pale bombani, wakamwita mjivuni, wakatishia kutokaa naye. Kakataa! Sijui kalelewaje.

Alhamisi, 7 Machi
Mkuu alikuwa mkutanoni. Mwalimu wa hesabu akatangaza tusaini daftari kuwa tumetoka saa kumi, halafu tuondoke saa nane. Nikasema nina maandalio ya somo. Akaniuliza, mdogo wangu, unataka kutuchoma? Ofisi nzima ikanitazama. Nikasaini.

Ijumaa, 8 Machi
Nikagonga meza. "Hapana!" Madirisha yakatikisika. Miwani kafunga mdomo. Mkuu akamuuliza sababu, naye akamwaga yote: meza, bomba, rafiki zake. Nilitamani ardhi inimeze. Mkuu akacheka, akasema mtoto huyu ndiye ushahidi kwamba somo langu limeingia. Nimepona! Kisha akauliza jana saa tisa nilikuwa wapi, maana alirudi mapema na barua yangu ya kuthibitishwa, iliyobaki kusainiwa tu, na daftari linasema nilikuwepo. Nikajibu kwamba walimu wote waliondoka. Wote, ehe? Akamtazama Miwani, akanitazama mimi, akaikunja barua. Miezi mitatu.

Jumamosi, 9 Machi
Miwani atahamia dawati la nyuma. Uamuzi wangu mwenyewe.
Mwalimu wa hesabu kapita nyumbani na barua ya kumlalamikia mkuu. Nikasema ngoja niisome kwanza. Akasema wenzangu wote wameshakubali, mdogo wangu, nimebaki mimi tu. Nikasaini. Bahati nzuri, nafasi ya kwanza ya sahihi ilikuwa bado wazi.