Saa Tatu za Ukutani na Kengele ya Kigango

Jumatano, 6 Mei 2026
Shikamoo Dada Evelina. Tumsifu Yesu Kristo! Hujambo huko Ushirombo? Mguu unaendeleaje? Sisi wazima hapa Nyarugusu. Ulisema niandike kila siku ndipo nitume, basi pokea. Kuna vita! Magesa, fundi simu, anaitaka kengele ya kigango. Ni ringi ya lori, ndiyo, lakini miaka kumi na moja naigonga mimi! Amemwambia katekista Stanslaus kwamba saa yangu inachelewa robo saa. Uzushi. Dakika kumi na mbili tu. Padri ataamua Jumapili.

Alhamisi, 7 Mei
Nimemwendea Mwalimu Sesilia, wa kompyuta pale sekondari. Kumbe simu ya Magesa huuliza saa mtandaoni. Na huko kuna madaraja, Dada, kama Kanisani! Juu kabisa saa za wataalamu, zisizokosea. Daraja la kwanza huuliza hizo, la pili huuliza la kwanza, hivyo hivyo kushuka. Mimi je? Akacheka: la kumi na sita. Namba kubwa hiyo! Nikaenda sokoni kifua mbele, nikamtangazia Magesa. Akasema, pole Baba Salvina, kumi na sita ni ya saa isiyojua saa ngapi. Soko zima likacheka!

Ijumaa, 8 Mei
Nimerudi kwa Sesilia. Kasema kompyuta makini haiamini saa moja. Huuliza kadhaa, zinazopatana huaminiwa, iliyojitenga huhesabiwa mwongo. Asante Mama Maria! Nikasali kumi moja la rozari, nikaingia kazini. Saa ya hoteli ya Mama Mbuke, nikairudisha nyuma ifanane na yangu. Ya kinyozi Masalu, vilevile. Masalu akauliza nafanya nini. Naifuta vumbi, nikamwambia. Si dhambi. Nimezipatanisha.

Jumamosi, 9 Mei
Nimemzungusha katekista. Kwangu, hotelini, kwa kinyozi: saa tatu, neno moja! Akamwambia Magesa simu yake inamdanganya. Leo nitalala kama mtoto.

Jumapili, 10 Mei
Ee Bwana! Siku zote Padri huchelewa kuliko mimi. Leo ana vigango vitatu, kaanza saa mbili kamili. Katekista, msomaji wa somo la kwanza, alikuwa kwa Masalu, kanyolewa nusu ya ndevu. Nusu ya waumini walikuwa kwa Mama Mbuke na chai. Somo kasoma Magesa! Mimi nikagonga ringi kwa nguvu zote, katikati ya Injili. Padri akakifunga kitabu, akasubiri nimalize. Baada ya Misa akaninyang'anya chuma cha kugongea, akampa Magesa. Nimelia, Dada.

Jumatatu, 11 Mei
Nimetafakari kwa sala. Kosa nimeliona: saa ya mkononi ya Padri sikuifuta vumbi. Akirudi mwezi ujao nitamkaribisha chai. Kitambaa kipo tayari.
Naomba unijibu upesi.