Uzinduzi Rasmi wa Timu ya Upepo wa Ufipa

Kwa masikitiko yaliyogeuka furaha, nachukua nafasi hii kuutangazia umma kwamba filimbi ya mwamuzi, iliyokuwa ikitafutwa tangu asubuhi na kamati ndogo ya ulinzi, imepatikana ndani ya soksi ya mwamuzi mwenyewe. (Makofi machache. Upepo unayabeba.)

Mheshimiwa mgeni rasmi, uliyetuma mwakilishi. Mwakilishi wa mgeni rasmi, uliye njiani. Padri wetu na Shehe wetu, mliokubali kukaa pamoja chini ya turubai moja linalopigapiga. Wazee wangu, shikamooni (Marahaba). Wafanyabiashara wa Majengo mkiongozwa na Bi Mwanaheri aliyetuazima viti. Ndugu zetu wageni kutoka Ilemba, mliopanda mlima kwa lori la fuso tangu alfajiri, na ambao naona mmeshavaa jezi na mnarukaruka ili msigande. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na ambaye haikumzingatia aniwie radhi, maana mimi ni Eustace yule yule, Mwenyekiti wa Kamati ya Uundaji wa Timu, mtu ambaye enzi za ujana wake alikaa benchi mpaka benchi likamzoea. (Kicheko.)

Ndugu wananchi, timu haiokotwi njiani kama kuni. Timu ni mchakato. Ndiyo maana kamati yangu, baada ya upembuzi yakinifu, semina elekezi na benchmarking tuliyoifanya kwa kuangalia televisheni ya Bi Mwanaheri, ilibaini kwamba ugonjwa mkubwa wa soka letu ni hii tabia ya kizamani ya kuchagua wachezaji kwa kuwaangalia wakicheza. Mtu anaweza akacheza vizuri leo, kesho akapiga nje. Sasa hapo umepata mchezaji au umepata bahati nasibu? Kwa hiyo tukaja na mfumo shirikishi, wenye uwazi na uwajibikaji, unaoitwa usaili. (Minong'ono.)

Vijana walijitokeza kwa asilimia mia moja na ishirini ya lengo. Kila mmoja alikuja na cheti cha kuzaliwa, barua ya mtendaji wa mtaa na picha mbili ndogo, akaingia darasani mmoja mmoja, akaketi mbele ya jopo. Mpira tulikuwa nao, tena mpya, lakini ulibaki kabatini kwa kuwa ni mali ya umma. Kijana Timoth, anayejiita kipa, aliulizwa anajiona wapi baada ya miaka mitano, akajibu, "Golini." Jopo likaandika: hana dira. Victor aliombwa ataje udhaifu wake, akasema ni njaa. Tukaandika: mbishi. Na mwanangu wa kumzaa, Zenon, anayedaiwa kuwa mshambuliaji, mimi mwenyewe nilimpa sifuri kabla hajaketi, ili kuepuka mgongano wa maslahi. Huo ndio utawala bora, ingawa tangu siku hiyo mama yake, Cornelia, ananipakulia ugali bila kusema neno. (Sauti ya kike: "Na bado.")

(Bibi Kristiana, muuza togwa, kutoka nyuma: "Mwanangu Eustace, watoto wa watu wanakufa baridi. Toa timu wacheze.")

Nakuja huko, bibi. Maendeleo ni hatua. Kwa mujibu wa roadmap yetu, katika robo ya kwanza…

("Halafu mbona kipa wa hao Ilemba ana sura ya Timoth, mtoto wa Bertila?")

Bibi, duniani wawili wawili.

("Haya. Na yule wa namba tisa anayekukwepa macho, naye ni wawili wawili?") (Kicheko kirefu. Padri anajifuta machozi.)

Ndugu zangu, naomba niiweke hii karatasi mfukoni.

Ukweli ni huu. Baada ya usaili tuliwaambia vijana wasubiri, majina yatabandikwa ubaoni. Wakasubiri. Kila nikipita pale ofisini walikuwa wamekaa ukutani wakiota jua, wananisalimia kwa adabu, nami nawajibu kwamba mchakato unaendelea. Ulezi ukavunwa, wakachoka, wakashuka bondeni kuvuna mpunga kama vijana wetu wanavyoshuka kila mwaka. Kule Ilemba, jioni, watu wakisubiri mashine ya kupura, huwa wanapiga mpira kwenye majaruba ya mpunga yaliyokauka. Kocha wao, Hamis huyu hapa, aliwaona vijana wetu wanakimbia, akawapa jezi. Hakuuliza cheti cha mtu.

Huku nyuma mimi nilishatuma mwaliko wa mechi ya uzinduzi, nikiamini kamati itamaliza. Kamati haijamaliza. Tumechagua nahodha wa heshima, mlezi na rangi ya soksi. Mchezaji hatujachagua hata mmoja. Hotuba hii nimeirefusha nikitegemea katibu wangu, Evaristi, arudi na vijana wowote kutoka kata ya Milanzi. Amerudi na wawili, na mmoja ni fundi baiskeli aliyedhani ameitiwa kazi. (Fundi baiskeli anainua mkono kusalimia.)

Upepo wa Ufipa! (Kimya.) Ilemba! (Hoye.) Nimewasikia.

Zenon, mwanangu, mama yako anauliza utarudi lini nyumbani.

(Namba tisa: "Mkishabandika majina, baba.") (Uwanja mzima unacheka, Shehe akiwemo. Cornelia, mama yake, hacheki.)

Nimestahili. Basi nawashukuru nyote kwa kuja kushuhudia uzinduzi wa timu ambayo haipo na haijawahi kuwepo hata siku moja. Hamis amekubali vijana wake wagawanyike, nusu kwa nusu, wacheze wao kwa wao, ili nauli ya fuso isiende bure. Kamati yangu naivunja hapa hapa, Evaristi, usiandike, vunja tu. Zenon, hilo la kurudi nyumbani tutaongea mimi na wewe baadaye, kama utataka kuongea na mimi. Kwa sasa naomba wazee mnisogezee kiti hapo mbele, karibu na mstari. Huyu kijana nimemsomesha, nimemchapa, nimempa sifuri. Kumwona akicheza mpira, bado.